Mkebe wa Poda Usiofunguliwa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza, Yeye ambaye hakimfichiki kilichomo kifuani mwa mja wala kilichomo ndani ya chombo kilichozibwa. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya malipo.

Baada ya hayo, ni haki ya msomaji kuwajua watu kabla ya kuyajua yaliyowapata. Wa kwanza kutajwa ni Sada binti Sefu, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, aliyehamia Masoko alipoolewa na akabaki hapo alipofiwa na mume. Alikuwa mkunga. Alipokea watoto wa Waislamu na wa Wakristo, wa pwani na wa bara, na baada ya kuwapokea aliwaogesha mpaka arobaini ya mama itimie. Wa pili ni Kibwana bin Abdulrahmani, mtoto wa kaka yake, ambaye Sada alimlea tangu alipofiwa na mama yake, akasoma hadi akawa mkemia katika maabara moja mjini Dar es Salaam. Wa tatu ni Mwanaima, binti pekee wa Sada, aliyekuwa mjamzito wakati mambo haya yalipoanza. Wa mwisho ni mume na mke, Lukas na Apolonia, Wakatoliki waliotoka nyanda za Makonde. Lukas alitengeneza baiskeli karibu na soko, na nyumba yao ilitazamana na ya Sada.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni waliamka wakakuta maduka yamejaa: sabuni za kila rangi, mafuta ya nywele, manukato, na poda. Miongoni mwa poda hizo ilikuwamo moja katika mkebe wa bati wa samawati, wenye picha ya mtoto mnene na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeifahamu pale mjini. Wachuuzi walisema poda hiyo inaua vijidudu, na katika hilo hawakusema uongo. Kila mama aliitaka. Ilinukia vizuri, ilikuwa laini, na mkebe wake ulikuwa na kifuniko kinachokaza.

Sada hakuitumia kwa watoto. Yeye alikuwa na poda yake: mchele uliorowekwa, ukasagwa juu ya jiwe, ukaanikwa, ukachekechwa kwa kitambaa, kisha ukatiwa liwa na asumini iliyokauka. Hiyo ndiyo aliyompaka Dismas, mtoto wa Lukas na Apolonia, siku alipomwogesha kwa mara ya kwanza.

Dismas alikuwa mtoto waliyemngoja kwa miaka mingi. Lukas alifurahi hadi akawa hajui afanye nini na mikono yake, akaenda dukani akanunua mkebe wa samawati kuwa zawadi ya mkewe. Apolonia aliupokea kama anayepokea kito. Sada alipoondoka asubuhi baada ya kumwogesha mtoto, Apolonia naye alimpaka ile ya dukani. Na mtoto alipotoka vipele mapajani, alizidi kumpaka, kila alipombadilisha nepi, akiamini kwamba dawa inafanya kazi yake. Ngozi ikawa nyekundu kama iliyomwagikiwa maji ya moto. Ikachubuka. Kisha mtoto akaanza kustuka na kukakamaa, akakataa ziwa, na kabla hawajapata gari la kumpeleka Lindi, akafariki. Innaa lillahi. Alikuwa amekwisha kubatizwa, nao wakamzika kwa taratibu za dini yao, na Sada akasimama makaburini pamoja na wanawake wengine.

Msiba hutafuta mlango wa kutokea. Mwanamke mmoja alisema sokoni kwamba mchele wa Sada ulikuwa umeoza. Mwingine akasema kwamba jiwe lile lilikuwa limesagiwa sumu ya panya. Wasichana walipomwona akipita wakaanza kumwita Bi Unga, kwa sauti ya chini inayosikika. Aliniambia baadaye kwamba ugumu haukuwa katika kusingiziwa. Ugumu ulikuwa kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Kila usiku alilipitia lile jiwe kwa mawazo, akijiuliza alilisafisha vipi, na mchele aliununua kwa nani.

Kibwana alifika kuhani. Aliposimuliwa jinsi ngozi ya mtoto ilivyokuwa na jinsi alivyokakamaa, aliomba aelezwe tena. Alikuwa amepata kusoma kazini habari za dawa moja iitwayo heksaklorofini, iliyokuwa ikitiwa katika sabuni na poda ili kuua vijidudu, na ambayo nchi nyingi zilikuwa zimekwisha kuizuia katika vitu vya watoto wachanga, kwa sababu hupenya katika ngozi iliyochubuka ikafika kwenye ubongo. Aliwaza kwamba kilichozuiwa kwingine kinaweza kuwa kimetafutiwa soko huku. Akamwomba Apolonia mkebe aliokuwa akiutumia. Apolonia akautoa mchagoni pa kitanda, akampa bila kumtazama.

Shangazi yake alimsindikiza hadi kwenye lori. Alimwambia maneno ambayo Kibwana hakuyasahau.

"Wewe ndiye uliyesomea haya mambo. Ukipima, usinionee huruma. Kama ni mkono wangu, niambie ni mkono wangu, nijue namna ya kutubu."

Kupima kitu kama hicho si kazi nyepesi, nami naieleza kama nilivyoelezwa. Poda hulowekwa katika maji ya kemikali ili dawa itoke ndani yake. Lakini heksaklorofini ni nzito, haikubali kugeuka mvuke. Hivyo huvishwa kwanza kemikali nyingine, kama mtu avishwavyo nguo ya safari. Kisha tone dogo huingizwa kwa sindano katika mashine iitwayo kromatografia ya gesi. Humo mna joto, na mna mrija mrefu mwembamba uliojiviringisha, na gesi hupita ndani yake ikivichukua vitu vyote vilivyomo. Kila kitu hutoka mwisho wa mrija kwa wakati wake, hakuna kinachomtangulia mwenziwe nje ya zamu, na kila kinapotoka kalamu huchora kilima juu ya karatasi. Mpimaji huwa amekwisha kupitisha dawa yenyewe, kwa kiasi anachokijua, ili atambue zamu yake na kimo cha kilima chake. Ndipo hulinganisha.

Kibwana alingoja mtungi wa gesi, ambao haukuwapo. Mtungi ulipopatikana, umeme ukakatika mchana kutwa. Siku umeme uliporudi, mashine ilichukua muda kupata joto lake, naye akakaa mbele yake macho yakimuuma. Kalamu ilichora vilima vidogo, naye akavidhania vya manukato ya dukani. Zamu ya dawa ilipofika, ikapita ikiwa imenyooka. Alirudia, na karatasi ikasema lile lile. Ndani ya poda ile hapakuwa na heksaklorofini hata chembe.

Majibu yakapelekwa wilayani, kama kazi inavyotaka, naye Lukas akaitwa akasomewa: poda ya mkebe wa samawati haina dawa iliyoshukiwa. Aliyesikia hayo alielewa jambo moja tu. Mkebe umetoka salama; basi limebaki jiwe la Sada.

Kabla ya msiba, Lukas alikuwa akimtania Sada kila asubuhi, kwa utani wa Wamakonde na watu wa pwani, akimwita mke wake mkubwa na kumdai chai. Tangu siku ile, Sada alipopita, yeye aliinamia gurudumu. Hakumtukana. Hakuna aliyemwita Sada kupokea mtoto tena. Na Mwanaima alipojifungua, mtoto wa kike, mama mkwe wake alimtuma mtu aje kumwambia Sada, kwa adabu zote na salamu nyingi, kwamba apumzike, mtoto ataogeshwa na watu wa kwao. Sada akajibu kwamba ameshukuru. Alikwenda kumwona mjukuu kama wageni wanavyokwenda, akakaa mkekani karibu na mlango, na mikono yake akaificha ndani ya kanga.

Kibwana alipopata likizo alikuja kumpongeza Mwanaima. Njia ilikuwa mbaya. Kwenye kivuko cha Ndundu abiria walilala, na kutoka Nangurukuru alipanda lori la saruji. Alifika amechakaa. Akakaribishwa uani, na pale uani alimkuta mama mkwe wa Mwanaima akichekecha unga wa mchele aliousaga mwenyewe. Alipomaliza, mama yule alichukua mkebe mtupu wa samawati, akaupuliza vumbi, akaujaza unga ule kwa kijiko, akakaza kifuniko na kuuweka dirishani.

Kibwana alimwuliza poda iliyokuwamo imekwenda wapi. Mama akamjibu kwamba hajui, mkebe amepewa na jirani. Na ni nani mwenye akili anayetupa mkebe wenye kifuniko kizuri namna hii? Kisha akacheka na kumwuliza kama huko Dar es Salaam watu wamekuwa matajiri kiasi hicho.

Kibwana hakucheka. Alikuwa amekulia katika nyumba ambayo sukari ilikaa ndani ya kopo la maziwa, na chumvi ndani ya kopo la kahawa, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuamini alichokisoma juu ya kopo. Mambo hayo aliyajua kabla ya kujua kusoma. Lakini alipoingia maabara aliyaacha mlangoni pamoja na viatu. Akaenda moja kwa moja kwa Apolonia, hata chai hakungoja.

Apolonia alikuwa akifua. Kibwana akamwomba radhi kwa swali atakalomwuliza, akamwuliza.

"Ule mkebe ulionipa. Ndani yake mlikuwa na nini?"

"Poda ya mtoto."

"Ile ya dukani?"

Apolonia akasimamisha mikono ndani ya povu. "Ile iliisha, shemeji. Nilimpaka sana, si unajua. Iliisha siku moja kabla. Nikatia humo ya Mama Sada aliyoniachia, isimwagike." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kwani wewe ulitaka ipi?"

Kibwana alikaa juu ya kizingiti cha nyumba ile. Alichokipima kilikuwa poda ya shangazi yake. Karatasi iliyomhukumu Sada mbele ya mji mzima ilikuwa, kwa yeyote aliyejua kilichomo mkebeni, shahada ya usafi wake kwa dawa ile. Alikuwa ameipeleka yeye mwenyewe, kwa muhuri, ikiwa imepinduka.

Hata hivyo shahada ile ilikuwa nusu. Kusema kwamba poda ya Sada haina dawa hakukutosha kuonyesha kwamba ya dukani inayo. Palihitajika mkebe usiofunguliwa, na haukupatikana. Mwenye duka alisema mzigo uliisha, na uliobaki wachuuzi waliununua wote, wakaupandisha kwa malori kwenda Mitole na Kipatimu, ambako akina mama walikuwa wanaungoja. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya milimani. Mikebe aliyoletewa na majirani ilikuwa mingi, na kila mmoja ulikuwa na kitu chake: unga, iliki, vifungo, dawa ya mbu.

Jioni alimweleza shangazi yake yote, na hakujisitiri. Sada alisikiliza akichambua mchicha. Alipomaliza kusikiliza, alinawa, akaingia ndani, na Kibwana akasikia kufuli la kasha likifunguliwa.

Lilikuwa kasha ambalo yeye tangu utotoni hakuruhusiwa kuketi juu yake. Mlikuwa na sanda ya Sada, imekunjwa. Mlikuwa na pamba, udi, kafuri, na kipande cha sabuni kisichoguswa. Ndivyo wazee wetu wanavyofanya, wasije wakamhangaisha mtu siku ile. Juu ya sanda palikuwa na mkebe wa samawati, ukanda wake wa karatasi ukiwa bado umezunguka kifuniko.

"Nilinunua siku ya kwanza walipoleta," alisema. "Harufu yake ilinipendeza. Nikasema, siku nikioshwa, wanangu waninyunyizie hii, niende nikinukia."

Kibwana hakuunyosha mkono. "Shangazi, hiki umekiweka kwa safari yako."

"Nimekiweka. Sasa wewe unakihitaji kabla sijasafiri. Chukua, baba. Na huko uendako, safari hii angalia kwanza kama hakina mchele."

Alirudi Dar es Salaam akiwa ameupakata mkebe kama mgonjwa. Maabarani, aliukata ukanda mbele ya wenzake wawili ili wawe mashahidi. Alifanya kila jambo kwa taratibu ya mtu asiyejiamini tena. Aliipima upya poda ya Sada. Kisha akaitia kwa makusudi dawa kidogo anayoijua kiasi chake, na mashine ikaiona, akajua kwamba mchele na liwa haviifichi. Mwisho akapitisha poda ya mkebe uliozibwa. Zamu ya dawa ilipofika, kalamu ilipanda hadi ukingo wa karatasi ikagonga na kukwama hapo. Ilimbidi aizimue tena na tena ndipo kilima kikatosha kwenye karatasi. Alipokokotoa, katika kila sehemu mia za poda ile, karibu sehemu sita zilikuwa heksaklorofini, sumu kwa mtoto mchanga.

Wenzake walimpa mkono. Alisema alihisi usingizi tu.

Safari hii hakutuma karatasi peke yake. Alikuja nayo, akaipeleka wilayani, akaombwa aiache, akaambiwa ataletewa majibu kutoka juu. Na mpaka leo sijui kama imefika huko juu. Kisha akaenda kwa Lukas. Alimwambia mbele ya mkewe kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake yeye Kibwana, si la mtu mwingine, na akamweleza kilichomo mkebeni. Wala hakumficha Apolonia, kwa sababu hapakuwa na namna ya kumficha. Apolonia alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango polepole.

Lukas aliweka bisibisi chini. Kisha akavuka barabara. Sada alikuwa barazani, nami nilikuwapo, nimekuja kwa shughuli yangu nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alitafuta neno, na nadhani alitaka kuurudisha ule utani, kwani alisema, "Mke wangu mkubwa, nimekuja kuomba chai," lakini sauti ilimkatikia katikati, na Sada hakulazimisha kucheka.

"Niliinunua mimi," Lukas alisema. "Zawadi."

"Najua."

"Nikakubebesha wewe."

"Nilibeba," Sada alisema. "Hata mimi nilidhani mzigo ni wangu. Usiniombe radhi sana, nitachoka. Mwenzako je, analia?"

"Amejifungia."

Sada akajifunga kanga, akavuka barabara, akagonga mlango wa Apolonia na kungoja hapo nje, akimwita kwa jina mara kwa mara, bila haraka, mpaka ukafunguliwa. Waliyoyasema humo ndani sikuyasikia, wala si haki yangu kuyaandika.

Jioni ile ile Mwanaima alikuja mwenyewe, ingawa arobaini yake haijatimia, na mtoto kifuani, akamwambia mama yake kwamba maji yamechemshwa na mama mkwe anamsubiri. Sada alimtazama mjukuu wake, akanusa utosi wake, kisha akasema amwogeshe bibi yake wa huko, mikono yake ni mizuri. Yeye kesho anasafiri. Mwanaima akalia kwa hasira. Alisema watu wamekwisha kujua ukweli, sasa anakataa nini?

"Sikatai. Nikirudi nitamwogesha. Huko milimani wapo wanaopakwa leo."

Kwani Kibwana alikuwa amekwisha kuamua kupanda Kipatimu kuzitafuta poda zile, bila kungoja majibu kutoka juu, na shangazi yake alimwambia wazi kwamba akienda peke yake atarudi mtupu. Poda ya mtoto hukaa chumba cha ndani, na mwanamume mgeni, hata awe na muhuri wa namna gani, haingii chumba cha mzazi. Walitoka alfajiri, na Lukas akawafuata na baiskeli, akisema barabara ikiharibika atabeba mikebe. Ilikuwa imeharibika tayari. Sehemu nyingi walitembea.

Huko walikwenda nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu na kwa watu wa misheni. Sada aliingia ndani, Kibwana akabaki nje. Kila alipotoka alikuwa na mkebe chini ya kanga, na kila mkebe ilibidi waufungue na kuangalia, na mingi ilikuwa mchele. Baadhi ya akina mama walimpa kwa kumwamini. Wengine walimwambia wamesikia habari za Bi Unga wa Masoko, wakamfungia mlango. Naye akakaa kwenye ngazi zao akipumzisha miguu, kisha akagonga tena. Katika nyumba moja, kwa mama aitwaye Tekla, alimkuta mtoto ana wekundu mapajani. Alimwosha kwa maji matupu, akamwacha wazi apigwe na hewa, akalala hapo kumwangalia. Mtoto yule alipona. Katika nyumba ya pili yake walikuta kaburi dogo, udongo wake bado mbichi.

Aliporudi Masoko, Sada hakuwa mtu wa kutembea sana tena. Alimwogesha mjukuu wake akiwa ameketi, mpaka arobaini ikaisha.

Ewe Mola uliyeumba ngozi ya mtoto ikawa nyembamba kuliko kanzu zetu zote, warehemu watoto waliotangulia, waliojulikana majina na wasiojulikana. Uwape subira akina mama waliopaka kwa mapenzi. Umtie nguvu kila anayepima, asichoke kabla ya haki kudhihiri. Na umsamehe anapokosea, maadamu amerudi. Walinde waliobakia Kilwa na Lindi, wa pwani na wa milimani, wanaokusali misikitini na wanaokuomba makanisani, na uwafishe wakiwa wamepatana. Amin.